Sikio Lisilojua Utani

Kasiano Lupembe hakuwa na mke, kwa kuwa yule aliyekuwa naye alichoka kuishi na mtu anayeuliza maswali hata mdomo ukiwa umejaa ugali. Hakuwa na gari, wala shamba, wala nywele utosini. Hakuwa na ile sauti nzito ya kuamrisha, ingawa idara aliyofanyia kazi ilijaa watu wenye sauti hizo. Hakuwa na kijiji cha kwenda sikukuu. Wazazi wake walikuwa Wahoza wa mpakani, lakini yeye alizaliwa jijini, ghorofani, na Kihoza alichokijua kilitosha kuomba maji tu. Tena alikosa kitu kimoja ambacho hakujua kama anakikosa: hakuwa na mtani. Chini ya jua hakuwepo mtu mwenye haki ya kumtukana yeye na marehemu babu yake, naye akacheka.

Alichokuwa nacho ni sahihi.

Kila mwaka, kabla ya bajeti, Baraza la Ulinzi la Shirikisho lilipokea Tathmini ya Usalama. Mahesabu yote yalifanywa na mashine, lakini sheria ilitaka binadamu mmoja ayakague kisha aandike barua kwa mkono, kwa wino, na kuifunga kwa lakiri, nta ya kupigia mhuri. Tangu mashine zijifunze kuiga kila uso na kila sauti, hapakuwa na ujumbe wa hewani ambao Baraza liliuamini. Karatasi na lakiri, vitu ambavyo vijana walivijua kwa picha tu, vilikuwa vimerudi kazini. Mtathmini wa wilaya za mpakani alikuwa Kasiano.

"Njoo uone Lukende," Bi. Redempta Mahundi alimwambia asubuhi ile. Alikuwa mkurugenzi wa idara, mwanamke mrefu mwenye macho yasiyopumzika. "Tisini na moja."

Kasiano aliisogelea ramani iliyojaa ukuta mzima. Mto Msungwe ulipita katikati yake, upande huu Shirikisho, upande wa pili nchi ambayo kila mtu aliiita Ng'ambo. Kando ya mto palimeta vidoa vya rangi. Kivuko cha Lukende kilikuwa chekundu kama kaa la moto. Chini kidogo, katika wilaya hiyohiyo, daraja la Ntamba lilikuwa kijani kibichi, na pembeni yake paliandikwa nne. Picha ya Ntamba ilining'inia hata kwenye ukumbi wa wageni, na chini yake maneno: Mfano wa Ujirani Mwema.

Alama hizo zilitolewa na Sikio. Hilo ndilo jina watu walilolibandika, na Shirika la Zana lililoliunda likalikubali. Vinasa sauti vidogo kama punje za mahindi vilitundikwa kwenye nguzo, paa na miti, kutoka sokoni hadi makaburini. Sikio lilisikiliza kila neno, likapima ukali wa sauti, kasi ya pumzi na majibu ya aliyeambiwa, kisha likatoa hesabu ya uhasama kati ya sifuri na mia. Alama ikithibitishwa kuwa zaidi ya sabini, nyuki wa chuma waliruka angani wakiwa na risasi. Zaidi ya tisini, nyuki hao hawakungoja amri ya mtu.

"Ukithibitisha tisini na moja," alisema Redempta, "Baraza litaagiza nyuki wapya mia tatu, na kiwanda kitafanya kazi zamu zote mwaka mzima. Ukipinga, andika sababu. Barua iondoke Ijumaa."

"Naweza kuwasikia?"

"Nani?"

"Hao watu wa Lukende. Nataka kuwasikia kwa masikio yangu."

Redempta alishangaa kidogo, lakini alibonyeza kitufe. Sauti zikatoka ukutani, Wahoza wa huku na Wadengu wa Ng'ambo wakijibizana kwa Kiswahili cha mpakani.

"Mwaka huu tunawazika wote! Hatubakizi hata mbuzi!"

"Mtazika kwa nini, na majembe yenyewe mnaazima kwetu?"

"Kimya, mtumwa! Babu yangu alimnunua babu yako kwa nusu kibaba cha chumvi, akajuta mpaka anakufa!"

Kisha ukaja mlio mwingine, mfupi, wa watu wengi kwa pamoja.

"Huo ni nini?" aliuliza Kasiano.

"Kicheko. Sikio linakiita kejeli. Kicheko kikifuata tishio la kuua, alama zinapanda."

Kasiano aliomba arudishiwe kicheko kile mara ya pili, na ya tatu. Kulikuwa na kitu ndani yake ambacho hakukijua jina, nacho kilimkaa moyoni kama jiwe dogo ndani ya kiatu. Mchana huohuo akapanda gari moshi la mpakani.

*

Lukende alikuta msiba. Mzee mmoja wa Kihoza alikuwa amefariki, na umati ulikuwa makaburini. Juu ya nguzo moja nyembamba aliona kinasa sauti kikimetameta kama jicho la mjusi. Akamtajia jina aliyemwuliza, akasimama pembeni na koti lake la jijini, akatazama.

Jeneza lilikuwa tayari, padri alikuwa tayari, lakini mazishi yalikuwa yamekwama kwa sababu ndani ya kaburi alilala mwanamke mnene wa Kidengu, wa miaka hamsini na kitu, mikono kifuani, macho ameyafumba.

"Sitoki," alisema. "Kaburi hili nimelipenda. Huyo wenu mtupeni mtoni, alishazoea kunuka samaki."

"Bi. Sikudhani, toka, jua linachoma," alisihi mtoto wa marehemu, machozi na tabasamu vikigombania uso mmoja.

"Jua linawachoma nyinyi mlio juu. Huku chini kuna baridi safi. Leteni kuku."

"Kuku tumempa mwenzako."

"Huyo alikuwa kuku? Mimi nilidhani ni panya mwenye manyoya!"

Wafiwa wakacheka. Hata mjane, aliyekuwa ameinama tangu asubuhi, aliinua kichwa, akajifuta macho, akasema, "Sikudhani, mume wangu alikuambia atakufa wewe ukiwa umeshaoza."

"Ndiyo maana nimemwahi mahali pake!"

Kasiano alijikuta anacheka kwa sauti. Lilikuwa kosa. Mwanamke alifungua jicho moja.

"Yule mwenye koti ni nani?"

"Mgeni kutoka jijini," mtu alisema. "Anaitwa Lupembe."

"Lupembe? Lupembe ni Mhoza! Kamateni!"

Kabla hajajua la kufanya, Wadengu wawili walishamfunga kamba kiunoni, wa tatu akamvua kiatu cha kushoto. Walimvuta hadi ukingoni mwa kaburi.

"Wewe mtumwa," Bi. Sikudhani alimwambia kwa upole kabisa, "umekaa wapi siku zote hizi bila kuja kutusalimia mabwana zako? Tazama kilivyokonda. Huko jijini mnakula nini, karatasi?"

Kasiano alitafuta jibu. Alikuwa na majibu mengi maishani, lakini hili halikuwamo katika vitabu alivyovisoma. Mwishowe alisema, "Tunakula karatasi, ndiyo. Lakini huwa tunazioga kwanza, si kama nyinyi na samaki wenu."

Hakikuwa kichekesho kikubwa, tena "tunazioga" lilikuwa kosa la mtu asiyejua kusema "tunaziosha" akiwa na haraka. Lakini umati ulilipuka, na zaidi kwa sababu ya lile kosa. Bi. Sikudhani alinyoosha mkono atolewe kaburini. Padri akapata nafasi yake. Na Kasiano aliona kwamba walioshika kamba za jeneza na kulishusha polepole, kwa uangalifu kama wa mtu anayelaza mtoto, walikuwa Wadengu.

Baada ya mazishi walikaa kwenye jamvi. Kiatu hakurudishiwa; kitabaki rehani, aliambiwa, mpaka atakaporudi na jogoo wa heshima.

"Mnafanya hivi kila msiba?" aliuliza.

"Wao wakifiwa, nasi tunavuka," alijibu mtoto wa marehemu. "Bila wao hatuziki. Nani atatuchekesha? Nani atachimba?"

"Na Ntamba pia?"

Kicheko kilikatika. Bi. Sikudhani aliitazama nguzo, kisha akainama kana kwamba anaokota kitu, akanong'ona, "Ntamba hatuendi tena. Kamuulize Tindwa, fundi baiskeli. Kama atakuambia."

*

Huko Ntamba kila kitu kilikuwa safi. Daraja lilipakwa rangi, na waliopishana juu yake waliinamishiana vichwa.

"Samahani, ndugu."

"Bila samahani, ndugu. Tangulia wewe."

Kasiano, akiwa na kandambili za kununua njiani, alisimama katikati ya daraja akasikiliza. Kwa muda mrefu hakusikia tusi hata moja. Hakusikia kicheko pia. Aliona Wahoza wakinunua kwa Wahoza, na Wadengu wakinunua kwa Wadengu.

Tindwa alikuwa mwishoni mwa daraja, upande huu, chini ya kibanda cha bati. Alikuwa Mdengu wa miaka arobaini, mwembamba, mwenye vidole vyeusi kwa grisi. Mbele yake palikuwa na kiti cha wateja kilichojaa vumbi.

"Karibu sana, mheshimiwa," alisema.

"Mimi si mheshimiwa. Mimi ni Lupembe. Mhoza."

"Nimefurahi kukufahamu, mheshimiwa."

Kasiano aliketi juu ya vumbi. Alikumbuka kaburi la Lukende, akajikaza, akasema kwa sauti ya kujaribu, kama mtu anayeingiza mguu kwenye maji asiyoyajua, "Mtumwa wangu, hujambo?"

Mkono wa Tindwa ulisimama juu ya gurudumu. Macho yake yalipanda hadi kwenye nguzo ya daraja, yakakaa huko kidogo, yakashuka.

"Sijambo, mheshimiwa. Nashukuru kwa kuuliza."

Alizungusha gurudumu mara moja. Kisha Tindwa aliwasha pampu ya upepo, mashine chakavu iliyonguruma mpaka bati likatetemeka, na chini ya ngurumo ile midomo yake ikaanza kusema.

"Kulikuwa na harusi ya Wahoza. Nikamwambia bwana harusi, nitakuzika mimi mwenyewe, na sanda sikununulii. Maneno ya kila siku. Kesho yake askari walinifuata. Nilifungwa miezi minne."

"Wahoza hawakukutetea?"

"Sentensi moja tu ingetosha. 'Huyu ni mtani wetu.' Hakuna aliyeisema. Waliogopa." Aliangalia vidole vyake. "Sina kinyongo na mashine. Mashine haikucheza siku nilipooa mimi. Wao walicheza."

Kasiano alitazama huku na huku. Jambo fulani lilikuwa likimsumbua tangu afike, na sasa alilitambua. "Watoto wenu wako wapi? Shule hazijafungwa."

"Wamekwenda kusalimia jamaa, Ng'ambo."

"Wote?"

Tindwa alizima pampu. "Karibu tena, mheshimiwa," alisema kwa sauti ya kusikika. "Safari njema."

Kwenye ramani ya jijini, Ntamba iliendelea kumeta kijani kibichi.

*

"Lukende ni salama," Kasiano alimwambia Redempta Alhamisi. "Mwaka mzima sijakaa mahali salama kama pale kaburini."

"Kaburini?"

"Wananidai jogoo."

Redempta hakucheka, lakini alivutiwa. Alivuta kiti karibu. "Nakuamini. Sasa nipe sababu. Sikio limekosea wapi? Unajua maana yake? Tukijua kosa, wahandisi wa Shirika la Zana watalifunza, na Sikio jipya litauzwa kila nchi inayolitaka. Barabara, dawa za hospitali, vyote hivi vinalipiwa na Sikio. Sababu yako ina thamani kuliko kiwanda cha nyuki."

Kasiano alifungua mdomo. Neno lilikuwa fupi, lenye silabi tatu. Kisha akainua macho, akaona ile punje ndogo kwenye dari ya ofisi, akaufunga.

"Bi. Mkurugenzi, naomba nikuulize kama mtu asiyejua. Tuseme Sikio linafundishwa kwamba mahali fulani kelele ni amani. Litasema nini juu ya kimya?"

Alijibu upesi, kwa furaha ya mtu anayeijua kazi yake. "Litakihofia. Huwezi kulifundisha upande mmoja wa sarafu. Likijua kelele ni amani, litapekua rekodi zote za nyuma, litafute waliokuwa na kelele wakanyamaza, na hao litawapandisha alama."

"Siku ileile?"

"Dakika ileile."

Kasiano aliona Ntamba ikigeuka nyekundu. Aliona nyuki wasiongoja amri juu ya kibanda cha bati, wakiwatafuta watu kwa kosa la kusema samahani. Kuiokoa Lukende kwa neno lile kulikuwa kuipeleka Ntamba machinjoni. Na kuliko yote, baada ya hapo hata matusi ya makaburini yangehesabiwa: tusi hili la kweli, hili la mzaha, huyu ametaniwa vya kutosha, huyu bado.

Lakini akinyamaza? Watoto wa Wadengu walikuwa wameshavushwa. Watu hawafanyi hivyo bure; huwaondoa watoto kwanza wanapojua damu itamwagika.

"Unajua kitu," alisema Redempta taratibu.

"Najua."

"Unanificha mimi?"

"Nalificha Sikio. Wewe umesimama karibu nalo."

Uso wa Redempta ulibadilika. "Kasiano, kaka yangu aliuawa mpakani kabla vinasa sauti havijatundikwa. Alikwenda kununua ng'ombe. Hakuna aliyemwonya, kwa sababu hakuna aliyekuwa anasikiliza. Usinifanye nionekane mtu anayependa nyuki. Ninapenda watu warudi nyumbani."

"Ninajua, dada yangu. Ndiyo maana siwezi kuandika uongo, wala siwezi kuandika sababu. Sheria inasemaje juu ya mtu kama huyo?"

Redempta alisimama, akachukua kitabu cha sheria, kile kinene cha karatasi. Alikipekua akasoma kwa sauti ya chini: "Mtathmini atakayepinga alama bila kutoa sababu atahamia katika wilaya aliyoitathmini, akae humo mwaka mzima, chini ya ulinzi uleule aliouamua." Alikifunga. "Kifungu hiki kiliandikwa na wazee kwa hasira. Hakijatumiwa na mtu yeyote. Na huko, ukikosea, hatutakuwa na la kufanya."

"Wilaya nzima? Naweza kuchagua pa kukaa?"

"Unaweza. Utakaa Lukende, kwa rafiki zako wa kuku?"

"Hapana," alisema Kasiano. "Nitakaa Ntamba."

Redempta alikunja uso. Aliitazama Ntamba kwenye ramani, ile rangi ya kijani, ile nne. Kasiano aliona swali likizaliwa machoni mwake, likakua, na likafika mahali pake. Alikuwa mwanamke mwenye akili. Midomo yake iliachana. Kisha naye akaangalia dari, na swali lile akalimeza.

*

Ijumaa asubuhi, jua likiwa juu ya meza, Kasiano aliandika barua ya Baraza. Ilikuwa fupi. Lukende: kumi na moja. Nyuki wapya: hawahitajiki. Sababu: dhamana ya mtathmini mwenyewe. Aliifunga, akaiweka kando.

Kisha akachukua karatasi nyingine. Hii ilimchukua muda zaidi. Alikata maneno, akayarudisha, akacheka peke yake, akaacha kucheka.

"Kwa Tindwa, fundi wa baiskeli zisizopona, Ntamba.

"Wewe mtumwa. Babu yangu alimnunua babu yako kwa nusu kibaba cha chumvi, na hadi leo tunaidai chumvi yetu irudi. Nimeona kazi yako: mtu akija na baiskeli anaondoka na kandambili, kama mimi.

"Walipokukamata, ndugu zangu walinyamaza kama waliomeza mawe. Katika hilo sina utani. Nitakuja kuomba radhi kwa niaba yao, mmoja mmoja nikiwa nimemshika sikio. Mengine yote katika barua hii ni matusi.

"Nahamia Ntamba. Nitafutie chumba kibovu, karibu na kwako, na waite watoto warudi shule, maana nitahitaji wa kunifundisha Kihoza na Kidengu. Usiponipokea nitakuzika mimi mwenyewe, na sanda sikununulii.

"Maneno haya ndiyo yaleyale uliyofungiwa, nami nimeyaandika kwa mkono wangu na kuyapiga mhuri wa serikali. Unaweza kuyapeleka kituoni. Unajua watakavyoyasoma, na safari hii atakayekamatwa ni Mhoza. Au unaweza kunijibu.

"Kasiano Lupembe, bwana wako."

Aliisoma tena. Ilikuwa barua ya kumfunga mtu. Aliikunja mara mbili, akaitia ndani ya bahasha, akawasha kibiriti. Lakiri iliyeyuka, ikadondoka nyekundu na nzito kwenye ukingo wa karatasi, naye akaukandamiza mhuri wa Shirikisho mpaka ukapoa.

Tarishi aliingia na mkoba wake wa ngozi, akaitia ndani barua ya kwanza, akaigeuza ya pili.

"Na hii ni ya Baraza, mzee?"

"Hiyo ni ya mtani wangu," alisema Kasiano, na hata yeye alishtushwa na utamu wa neno hilo mdomoni. Darini, ile punje ndogo ilimeta mara moja, ikalipokea neno lisilo na maelezo, ikalitafutia alama.

Tarishi aliitia ndani nayo, akafunga mkoba, akatoka nao.